Dresa na Mtu wa Tano

Mkamwana hataji jina la baba mkwe, na baba mdogo wa mume ni baba mkwe vilevile. Kwa hiyo nitamwita Dresa, yaani mfunga vidonda, kama alivyoitwa na kila mwenye kidonda katika miteremko yetu chini ya Nkoaranga. Habari za kuzaliwa kwake waulizeni wenye ukoo. Mimi nilimfahamu akiwa ameshakwenda vitani, ameshazikwa na ameshapata kazi ya serikali.

Ndiyo, ameshazikwa. Alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda kupigana na Wajapani, na kwa muda mrefu haikuja barua wala salamu. Kaka yake mkubwa akatangaza kwamba amekufa. Maiti haikuwepo, basi wakafunga kigogo cha mgomba kwenye ngozi, wakakizika kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, wakalia. Baada ya matanga kaka mtu akaenda kwa wazazi wa binti aliyekuwa amechumbiwa na marehemu, akarudi na ng'ombe wa posa. Binti akaolewa kwingine. Haukupita mwaka, marehemu akateremka kwenye lori pale barabara kuu, na sanduku la bati, na buti, na Kiingereza kingi.

Katika maisha yangu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa na kaburi na mshahara kwa wakati mmoja. Kila asubuhi alipita kando ya kile kifusi akienda zahanati, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akakisalimu: "Habari za huko chini?" Kaka yake alikuwa ng'ambo ya mfereji akikata majani ya ng'ombe, anasikia, hajibu. Walikuwa hawasemeshani. Dresa akitaka maji ya mfereji yafunguliwe, alimwambia mbwa kwa sauti kubwa, "Simba, zamu yetu ya maji imefika." Na ng'ambo kule kaka mtu alimwambia mbuzi, "Mwambie Simba nimeshafungua."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimechumbiwa na mtoto wa kaka mtu.

Kwetu pombe ya ndizi ya harusi hainywewi kama baba wadogo hawajaketi pamoja na baba mzazi wakapokezana kibuyu kimoja. Wazee walisema wazi: "Hatumimini pombe juu ya ugomvi." Mchumba wangu alisubiri mwaka wa kwanza, akasubiri wa pili. Baba yangu naye alianza kunitajia mgane mmoja wa Sekei, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. "Mavuno ya kahawa yakiisha," alisema baba, "kama hao ndugu wawili bado wanaongea kwa midomo ya wanyama, mimi nampokea wa Sekei." Baba yangu hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana katika kazi hakuna aliyemfikia.

Siku hizo madonda ndugu yalitula miguu. Mtu alikuja zahanati, akasafishwa, akafungwa bendeji, akaenda nyumbani. Maumivu yakipungua kidogo harudi tena mpaka mguu unanuka. Dresa aliwagombeza, akawatisha kwamba watakatwa, akamtuma mzee wa kanisa awatangazie Jumapili. Hawakurudi. Ndipo siku moja akafungua lile sanduku la bati akatoa kitabu alichotoka nacho vitani.

Kilikuwa cha Kiingereza. Alikisoma kwa macho kwanza, kisha akakitoa kwa mdomo kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu akatia Kimeru. Kilikuwa kisa cha Mwingereza mmoja aliyechimba madini na wenzake watano katika nchi ya mbali. Wale watano wakamwacha shimoni lilipojaa maji, wakagawana vyake, wakasema amekufa. Hakufa. Akatoka, akayaandika majina matano kwenye karatasi, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja.

Hata mimi niliyeishia darasa la pili niliona mara moja kwa nini kitabu hicho kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kimefungwa kwenye shati lake la jeshi.

Alisoma Jumatatu na Alhamisi, siku za kubadilisha bendeji, na hakusoma hata neno moja mpaka kila mgonjwa awe ameketi kwenye benchi. Kitabu kilikuwa cha mbio. Mtu anaruka kutoka treni, huyu anapanda meli, yule anafungua mlango anakuta bastola. Na Dresa alikuwa na akili. Bendeji iliyogandana na kidonda inauma kuliko kuzaa, nami nimefanya yote mawili. Basi aliiloweka, akaishika ncha, akaendelea kusimulia, na pale bastola ilipotoka mfukoni, bendeji nayo ikatoka mguuni. Benchi zima lilipiga kelele, na hakuna aliyejua nani amelia kwa ajili ya nini. Halafu alifunga kitabu pale pale mlango unapofunguliwa. "Alhamisi," alisema. "Asiyekuja asiniulize nani alikuwa nyuma ya mlango."

Walirudi wote. Wengine walirudi mno. Jirani yetu mmoja alipona akaanza kukikwaruza kidonda kwa jivu ili asinyang'anywe nafasi. Dresa aliuinua ule mguu, akautazama, akamwambia, "Mama, wewe ulipona hata wa pili wa kitabuni hajafa. Kaa pale mwisho usikilize bure, lakini acha kujichuna."

Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya bibi yangu, mzaa mama, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa na donda la ukubwa wa sahani. Nilimshika mkono kwenye njia ya mteremko, nikaketi naye. Kwa hiyo niliyasikia yote, ya kitabu na ya benchi, na ya benchi yalinifurahisha zaidi.

Bibi ndiye aliyeanza. Alimsikiliza yule Bwana wa kitabuni akimuua wa kwanza, akauliza, "Huyu hana wajomba?"

"Kitabu hakisemi, bibi," Dresa akajibu.

"Mtu anadhulumiwa hivyo, ukoo hauketi? Anakwenda peke yake kama fisi?"

Mzee wa Kiarusha aliyetoka upande wa magharibi wa mlima, mfugaji, kidonda chake kilikuwa kifundoni, yeye alitaka kujua jambo moja tu: "Alidai ng'ombe wangapi kwanza?"

"Hakudai ng'ombe, mzee. Alitaka roho zao."

"Roho utaikamua?" Akageuka kwa bibi. "Koko, hawa Waingereza wanatutawalaje na hawajui hata kulipana?"

Wanawake wa benchi, wao walihangaika na shamba. Yule Bwana alikuwa mwaka wa saba njiani, anapanda meli, anashuka meli. "Kahawa yake inapaliliwa na nani?" waliuliza. Dresa alipowaambia hana shamba, walimhurumia kuliko walivyomhurumia alipokuwa shimoni.

Na mzee wa kanisa, ambaye hakuwa na kidonda chochote, alikuja kututahadharisha kwamba kisasi ni cha Mungu. Alisimama mlangoni kwa ajili hiyo kila Jumatatu na kila Alhamisi. Siku moja alichelewa kwa sababu ya mazishi, akafika anahema, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wa tatu amekwisha?"

"Amekwisha, mzee. Majini."

"Ee Bwana, utuhurumie," akasema. "Kwa kamba au bila kamba?"

Dresa mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu katika jambo hilo. Akisoma mauaji macho yalimng'aa, mikono ikaonyesha namna ya kushika shingo. Lakini kuku alishindwa kumchinja. Akijiwa na mgeni alipita kwa majirani na kuku kwapani, akiomba mtu wa kumsaidia, na kisu kilipopita yeye alitazama mlima. Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Kidonda hakiponi ukikichungulia." Aliwaambia hivyo wagonjwa wote, kwa ukali. Kisha alikwenda nyumbani kwa njia ile ile ya kaburini ingawa palikuwa na njia nyingine fupi zaidi.

Wakafa wanne. Akabaki wa tano.

Huyu wa tano alikuwa amezeeka. Kitabu kilisema anakohoa, ana wajukuu, ana bustani ya maua, na amekwisha kusikia kwamba wenzake wanne wameuawa. Usiku na mchana anangoja. Benchi likabadilika. Watu waliokuwa wakipiga makofi walinyamaza. "Huyu naye?" walisema. "Mzee huyu?" Mavuno ya kahawa yalikuwa yamefika katikati, nami niliwahesabia wale ndugu wawili siku. Niliomba Mungu, siwafichi, kwamba yule Bwana amwachie mzee wake, labda Dresa angejifunza kitu kutoka mdomoni mwake mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata bibi alifika zahanati na jani la sale mkononi.

Kwa asiyejua: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unafunga jani lake fundo, unampelekea, au unatuma mtu ampelekee. Akilipokea, kisasi kimekwisha. Kulikataa ni vibaya. Kulipokea kisha ukamwaga damu, hilo hata halina jina.

Bibi alisimama mbele ya Dresa, akamnyooshea. "Mwanangu, mpokelee huyo Bwana."

Dresa alitabasamu. "Bibi, huyu ni mtu wa kitabuni."

"Nimekuuliza anakaa wapi? Nimesema mpokelee. Yule wa tano anaomba msamaha."

"Amekutuma lini?"

"Angemtuma nani, na kwao hakuna anayejua desturi? Wewe ndiye unayeongea kwa mdomo wa huyo Bwana kila siku. Mkono wake ni wako. Pokea."

Benchi zima lilikuwa linamtazama. Mzee wa Kiarusha alikuwa ameacha hata kunusa ugoro wake. Dresa akacheka, akatoa mkono wa kulia, akalipokea lile jani, akalichomeka kwenye mfuko wa koti pale anapoweka kalamu. Watu wakashusha pumzi. Mzee wa kanisa akasema "Amina" kutoka mlangoni.

Mpaka leo sijui kama bibi yangu alikosea kama wakosavyo watu wasiojua vitabu, au alijua anachofanya. Nilimuuliza mara nyingi. Alisema, "Mimi nilikwenda kufungwa mguu."

Alhamisi hapakuwa na nafasi ya kukaa. Hata wenye afya walikuja. Dresa alisoma: yule Bwana ameingia bustanini, amepita maua, amesukuma mlango, mzee yuko kitandani, amelala. Dresa akafunua ukurasa, akausoma kwanza kwa macho. Kisha akasema haraka haraka, bila kutuangalia, "Akafyatua. Mzee akafa pale pale. Kitabu kimekwisha."

Hakuna aliyepiga kelele. Bendeji ya mzee wa Kiarusha ilikuwa nusu imefungwa. Alisimama hivyo hivyo, akachukua fimbo yake. "Ulipokea," akamwambia Dresa. "Tulikuona." Akatoka. Bibi akanishika bega, akatoka, bendeji yake inaburuta nyuma kama mkia. Jirani yetu wa jivu akatoka. Mzee wa kanisa alibaki mlangoni akitazama sakafu, halafu naye akasema, "Mwanangu, hilo hapana," akaenda zake.

Jumatatu hakuja mtu. Alhamisi hakuja mtu. Mkono uliopokea sale ukaua haugusi kidonda cha mtu. Hilo hapakuwa na haja ya kulijadili. Dresa aliketi na sufuria yake ya koleo za bendeji inachemka, na dawa yake ya zambarau, na nzi. Wiki ya pili akaja Mzungu mkaguzi wa zahanati na daftari lake, akakuta benchi tupu, akauliza wagonjwa wako wapi. Ningetoa mbuzi nijue Dresa alimjibu nini. Angemwambiaje? Bwana, wamenigomea kwa sababu nimemuua Mwingereza mwenzako kitabuni? Mzungu alimpa mwezi mmoja. Benchi lisipojaa, zahanati itafungwa na yeye atafute kazi nyingine.

Jioni hiyo alikuja nyumbani kwetu bila koti. Sikuwahi kumwona bila koti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Mguu wako unaoza, bibi. Naisikia harufu yake kutoka hapa."

"Ni mguu wangu."

"Nifanye nini sasa? Nimfufue?"

"Hatakuwa wa kwanza kufufuka hapa," bibi akasema.

Nilificha uso kwenye kanga. Dresa akaongea kwa hasira. "Bibi, yule ni mtu wa karatasi! Hana mama, hana kaburi! Nitapatana na nani?"

"Sale ulilipokea kwa mkono wako wewe. Lilikuwa linaomba msamaha. Sasa kaa ufikiri, katika dunia hii, nani mwingine amekukosea?"

Dresa akaketi chini. Halafu akasema, "Mmenitega."

"Hutegwa mnyama. Mtu huambiwa. Tumekuambia." Bibi akanyoosha kisu cha ndizi kuelekea ng'ambo ya mfereji. "Na huyu mtoto hapa anasubiri kuolewa. Au unataka akamtafunie yule mgane wa Sekei nyama?"

Jumapili baada ya ibada alivuka mfereji. Watu waliokuwa wanatoka kanisani waliona akiingia kihambani kwa kaka yake, na hawakuona akitoka, maana mvua ilikuja wakakimbia. Jumatatu alipiga ile ringi ya gari iliyokuwa kengele yake, na benchi likajaa. Alipofungua mguu wa bibi alikunja uso. Hakusoma kitu siku hiyo, na bibi alilia kwa sauti yake mwenyewe.

Niliolewa kabla kahawa ya mwisho haijakauka. Dresa alikaa karibu na kaka yake, kibuyu kikapita, akanywa. Lakini nilikuwa namtazama chini ya kanga ya uso, na nilimwona amekunywa kidogo sana, kama mtu anayeonja dawa ya mwingine. Mama mkwe wangu pia aliona. "Amani ikiwa ya mdomo," aliniambia siku ya tatu ya ndoa, "watoto ndio watakaoilipa." Maneno hayo yaliingia tumboni mwangu kabla ya mtoto. Kila homa ya mwanangu wa kwanza, kila kikohozi cha wa pili, niliutazama mkono wa Dresa ukimshika mtoto paji la uso, nikajiuliza: alimsamehe kweli, au alikwenda kuokoa kazi yake na benchi lake? Na huulizi. Mkamwana anamuulizaje baba mkwe jambo la moyoni? Nilikaa na swali hilo zaidi ya miaka kumi.

Baadaye walimhamishia mjini. Akapanga chumba Ngarenaro, jirani na mafundi bati, akaoa hatimaye, akanenepa kidogo. Baba mkwe wangu alipofariki, Dresa alikuja mazishini, akashika koleo la kufukia kaburi tangu mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu. Majuma mawili baadaye nilishuka mjini kuuza ndizi. Wakati huo watu mjini walizungumza habari za uhuru tu. Nikampelekea mkungu mmoja.

Niliketi upande, nimegeuza uso kama inavyopasa. Nyundo za mafundi zilikuwa zinalia nje. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Na kwa kuwa mwenye jambo alikuwa ameshakufa, nami nilikuwa nimechoka, nikasema.

"Baba, nisamehe. Siku ile ya harusi yangu ulikunywa kidogo."

"Nilikuwa naumwa jino," akasema.

"Miaka yote hii nilidhani ni moyo."

Akacheka, halafu akaacha. "Mkamwana, nikwambie jambo. Yule wa tano hakufa."

Niligeuza uso nikamtazama. Desturi inisamehe.

"Kitabuni yule Bwana anasukuma mlango, anamkuta mzee kitandani, bastola mkononi. Mzee anaamka, anamwambia, karibu, nilikuwa nakungoja. Basi. Anaketi, wanakunywa chai mpaka kunakucha. Zilibaki kurasa mbili na hakuna hata tone la damu. Nilisimama pale mbele yenu nikaona aibu. Nikaona hasira pia. Miaka yote nimekitunza kitabu kile, nimekibeba kutoka vitani, nilikuwa sijawahi kuusoma mwisho wake. Nilikuwa nauhifadhi. Halafu ndiyo huo? Chai? Nikamuua mwenyewe."

"Kwa hiyo tulikuwa na haki kukukimbia."

"Haki kabisa. Ndiyo iliyoniuma. Watu wasiojua herufi moja ya Kiingereza walijua nani amefyatua."

Mkewe alileta uji, akaweka, akatoka.

"Nilipovuka mfereji," akasema Dresa, "nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya benchi. Nilikuwa na sentensi moja tu, nimeikariri njiani: kaka, yamekwisha. Nilimkuta anapunguza migomba. Nilipofungua mdomo likatoka lingine. Nikamwambia, kaka, Alhamisi moja, majuma mawili yaliyopita, nilikuua. Hakushtuka. Akaniuliza, kwa nini? Nikasema, kwa bastola. Akasema, sikukuuliza kwa kitu gani. Akauliza, nilikuwa nafanya nini? Nikasema, ulikuwa umelala. Akauliza, nilisema neno lolote? Nikamwambia hapana, sikukupa nafasi."

"Akasemaje?"

"Akaweka panga chini. Akasema, basi kaa, nitalisema sasa." Dresa alivuta bakuli la uji, akalizungusha mkononi. "Mvua ikaja, hatukunyanyuka. Alisema kwa muda mrefu sana, mkamwana. Na mimi nilikuwa nimekwenda kwa dakika tano."